Jicho limepona, uzi hauingii sindanoni: uchambuzi wa kisa kimoja cha mtoto wa jicho

Siku ya kumi baada ya upasuaji, mama mmoja aliketi kwenye kiti cha kupimia macho, akasoma ubao kwa jicho la kulia bila miwani, mstari kwa mstari, hadi ule wa 6/6, yaani wa mtu mwenye macho mazuri. Kabla ya upasuaji jicho hilohilo, hata likiwa na miwani, lilikuwa linaishia mstari wa pili kutoka juu. Daktari akatabasamu. Mama akaanza kulia, na sote tuliokuwemo chumbani tukadhani ni furaha. Alipoinua mkono kujifuta nilimwahi, nikampa pamba safi na kumkumbusha asilisugue jicho. Akapokea pamba, akafungua mkoba, akatoa sindano ya mkono na kipande cha uzi mweusi, akaviweka mbele yangu.

"Nitilie, mwanangu," akasema. "Mimi siwezi tena."

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho. Mambo madogo madogo ya kisa hiki nimeyabadilisha ili mwenyewe asitambulike. Nakiandika kwa sababu hakuna kilichoharibika katika upasuaji ule. Kidonda kilifunga vizuri, presha ya jicho ilikuwa sawa, lenzi bandia ilikaa katikati, namba zikatoka kama zilivyokusudiwa. Kwa hesabu za hospitali, kazi ilifanikiwa. Kwa fundi cherehani aliyeingia akiwa anatia uzi mwenyewe na akatoka akiwa hawezi, haikufanikiwa, na katika hili namwamini yeye.

Jicho alilokuja nalo

Alikuwa na miaka 66. Tangu usichana wake hakuwa anaona mbali; miwani yake ilikuwa ya hasi 4, macho yote mawili. Namba hiyo ina maana nyepesi ambayo wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa. Chukua 100, gawanya kwa namba yako ya hasi, utapata umbali, kwa sentimita, ambapo jicho lako huona safi bila miwani. Mtu wa hasi 4 huona safi kwenye sentimita 25. Mtu wa hasi 2, sentimita 50. Mtu wa sifuri, yule tunayesema ana macho mazuri, jicho lake limekaa tayari kwa ajili ya mbali, na kuona karibu humlazimu lenzi ya ndani ijikunje.

Lenzi hiyo hukakamaa na umri. Ikifika miaka ya arobaini na kitu, watu wenye macho mazuri huanza kuisogeza simu mbali na uso, kisha hununua miwani ya kusomea. Mama huyu hakuyajua hayo. Akitaka kuona mtaani alivaa miwani. Akitaka kutia uzi aliivua, akaileta sindano karibu na pua, uzi ukapita. Kwa miaka zaidi ya 20, wakati fundi wenzake wa rika lake wakiwaita wajukuu wawatilie, yeye alitia mwenyewe. Ile kasoro ya utotoni ndiyo ilikuwa imegeuka kuwa miwani yake ya kusomea. Hakuna aliyemwambia, kwa hiyo hakujua kwamba ni kitu kinachoweza kuchukuliwa.

Kisha jicho la kulia likaanza kubadilika. Miwani ya hasi 4 haikutosha tena, ikawa 5, ikawa 6, ndani ya miaka miwili. Taa za magari usiku zikawa zinatawanyika mbele yake. Hivi ndivyo anavyokuja mtoto wa jicho wa aina inayoanzia kwenye kiini cha lenzi: kiini kinakuwa kigumu na cha manjano, kinaipinda nuru kuliko zamani, na namba ya miwani inapanda. Wapo wazee ambao katika hatua hii hufurahi kwa kuwa ghafla wanasoma bila miwani, wakidhani macho yamerudi ujanani. Furaha hiyo haidumu, kwa sababu baada ya muda ukungu wenyewe unafika.

Na ni lenzi yenyewe inayoshika ukungu. Watu wengi huja wakiamini mtoto wa jicho ni utando juu ya jicho, wakaomba ukwanguliwe, au wameshatumia miezi na matone ya dawa waliyouziwa kwamba yatauyeyusha. Hakuna tone linaloirudisha lenzi katika uangavu wake. Lenzi ipo ndani, nyuma ya mboni. Protini zake zimegandamana kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipata moto, na haugeuki nyuma.

Mama alikuwa pia amesubiri mwaka mzima kwa sababu aliambiwa mtoto wa jicho lazima aive kwanza. Ushauri huu ulikuwa na mantiki zamani, mbinu za upasuaji zilipokuwa nyingine. Leo unaumiza. Lenzi iliyoachwa mpaka ikomae kabisa huwa ngumu kuvunja, inamzuia daktari kuiona retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mara nyingine huvimba na kupandisha presha ya jicho. Wakati wa kufanyiwa upasuaji ni pale ukungu unapokuzuia kufanya unayoyafanya maishani mwako. Kwa dereva unaweza kuwa mapema. Mtu ambaye ukungu haumsumbui anaweza kusubiri na kupimwa kila baada ya muda.

Vipimo, na swali ambalo halikuulizwa

Sehemu kubwa ya maandalizi ilifanywa vizuri, na nitaieleza kwa sababu mgonjwa anastahili kuiona ikifanywa. Presha ya macho ilipimwa. Mboni ilipanuliwa kwa matone ili retina ionekane, na ilionekana haina kovu, haina maji, haina tundu. Kipimo hiki ndicho kinachojibu swali la "nitaona kiasi gani?" Upasuaji huondoa lenzi chafu tu. Kama mshipa wa fahamu wa jicho umeshaliwa na glaukoma, ugonjwa ambao mara nyingi huletwa na presha ya jicho, au katikati ya retina pameharibiwa na kisukari au uzee, lenzi mpya itakuwa safi lakini picha itaangukia mahali palipochakaa. Mwenye kisukari ambaye retina yake inavuja anaweza kulazimika kutibiwa hiyo kwanza, kwa kuwa upasuaji huweza kuongeza uvimbe. Kusikia hili kabla ni uchungu, lakini kulisikia baada ya kufunguliwa jicho ni uchungu zaidi.

Dawa zake ziliorodheshwa zote. Hapa nina ombi kwa wanaume hasa: kama unatumia dawa ya tezi dume, sema. Tamsulosini, mojawapo ya dawa hizo, hulegeza misuli ya kile kiwambo chenye rangi kinachozunguka mboni, na wakati wa upasuaji kiwambo hupepea na mboni husinyaa katikati ya kazi. Jambo hili lilielezwa kitaalamu mwaka 2005. Kuacha dawa siku chache kabla hakusaidii kwa uhakika. Aliyeitumia hata zamani aseme pia. Daktari akijua, anajiandaa na vifaa na dawa za kuishikilia mboni. Asipojua, anakutana nalo jicho likiwa wazi. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo zitajwe, lakini mtu asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, maana mara nyingi upasuaji huu hufanyika huku zikiendelea.

Halafu tukafika kwenye biometri, yaani kupima urefu wa jicho na mviringo wa konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ili kukokotoa nguvu ya lenzi itakayowekwa. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 23 hadi 24 hivi. La mama lilikuwa 25.2, kama ilivyo kwa wengi wasioona mbali. Ukikosea milimita moja tu, namba ya miwani inakwenda kombo kwa karibu dayopta 2.5 hadi 3 (dayopta ndicho kipimo cha zile namba za miwani). Ndiyo maana anayevaa lenzi za kubandika anaambiwa azivue siku kadhaa au hata wiki kadhaa kabla ya kipimo, kwa sababu zinaibonyeza konea, na aliyewahi kufanyiwa leza ya kuondoa miwani ni lazima aseme, kwa sababu hesabu za kawaida humdanganya.

Mashine ikishapima hutoa jedwali. Upande mmoja kuna nguvu za lenzi, upande wa pili namba ya miwani ambayo mgonjwa atabaki nayo akiwekewa kila moja. Nataka msomaji aione karatasi hiyo akilini, maana kisa chote kimelala pale. Mashine haisemi mstari upi ni sahihi. Inasema ukiweka hii, atabaki sifuri. Ukiweka ile, atabaki hasi 1. Ukiweka ile nyingine, hasi 3. Binadamu ndiye anayechagua, na kwa mazoea huchaguliwa mstari wa sifuri.

Daktari alimuuliza: "Mama, unataka kuona mbali bila miwani?" Akajibu ndiyo. Nani angejibu hapana? Amevaa miwani tangu utotoni, anaambiwa ataivua. Hakuambiwa kwamba nusu ya pili ya sentensi ni "na kwa karibu hutaona kitu bila miwani, hata ukileta puani". Lenzi bandia haijikunji. Ile ya kawaida ina umbali mmoja tu, na umbali huo unaamuliwa siku ile mbele ya jedwali.

Daktari alitegemea fomu. Kwenye fomu, mahali pa kazi, paliandikwa: yupo nyumbani. Niliandika mimi. Niliuliza "Mama anafanya kazi gani?" nikimtazama binti yake aliyemsindikiza, naye akajibu, "Mama yupo nyumbani tu," na nikaandika. Ni kweli, yupo nyumbani. Cherehani yake ndiko iliko. Nilipaswa kumuuliza mwenyewe, tena kumuuliza mikono yake inashinda na nini kutwa nzima. Sikuuliza, na hilo silipunguzi.

Tatizo la nguvu ya lenzi ni la kale kama lenzi bandia yenyewe. Harold Ridley, aliyeweka ya kwanza katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1949, alikuwa ametambua kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita havikuleta uvimbe, akapata wazo la kutengeneza lenzi kwa plastiki hiyo. Jicho liliipokea. Lakini nguvu ilikuwa imezidi mno, na mgonjwa wake wa kwanza akabaki haoni mbali kabisa. Tangu siku hiyo hesabu zimekuwa sahihi mno. Swali la "umbali gani?" bado halijibiwi na hesabu.

Mezani

Kuhusu upasuaji wenyewe alikuwa na hofu moja ambayo naisikia karibu kila wiki: kwamba jicho linatolewa, linawekwa pembeni, linasafishwa, linarudishwa. Halitolewi. Alipewa matone ya kupanua mboni, kisha ya ganzi. Kope na jicho vikasafishwa kwa ayodini, ambayo ni kinga kubwa dhidi ya maambukizi. Uso ukafunikwa kitambaa, jicho moja likabaki wazi. Alikuwa macho muda wote. Aliona mwanga mkali na rangi zinazotembea, akasikia mlio wa mashine, akahisi maji baridi, maumivu hakuyahisi. Nilimshika mkono na tulikubaliana kwamba akitaka kukohoa anibonyeze kwanza. Daktari alipitia tundu lisilofika milimita 3, akaivunja lenzi kwa mawimbi ya ultrasaundi na kuinyonya, akaacha kifuko chake chembamba, ndani ya kifuko hicho akaingiza lenzi bandia ikiwa imekunjwa, ikajikunjua yenyewe. Dakika 20. Hakuna uzi.

Pale ambapo mashine hiyo haipo, au lenzi imekuwa jiwe, hutumika njia ya mkono yenye tundu la milimita 6 au 7 lililokatwa kwa mshazari hata likajifunga lenyewe. Ni njia nzuri mikononi mwa aliyeizoea. Mtu asijione amepewa upasuaji wa daraja la pili.

Hatari alielezwa, na alisaini akiwa amezielewa. Kifuko cha lenzi huweza kupasuka, kwa mtu mmoja au wawili kati ya 100. Maambukizi ndani ya jicho ni nadra, kama mmoja kati ya 1,000 au pungufu, lakini yakitokea yanaweza kulipofusha jicho kwa siku chache. Kwa hiyo tunasisitiza kupita kiasi: siku za mwanzo mchomo kidogo na hisia ya mchanga ni kawaida, ila maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, au kuona kunakopungua baada ya kuwa kumeanza kuwa kuzuri, hayasubiri asubuhi. Unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Wasioona mbali, kama mama huyu, wana hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, sasa au miaka ijayo, kwa hiyo wakiona vimulimuli vya ghafla, mvua ya vidoa vyeusi au pazia linalofunika upande mmoja, nao wakimbie.

Macho mawili yasiyoelewana

Nirudi kwenye ile sindano. Shida yake haikuwa kutia uzi peke yake. Jicho la kulia sasa lilikuwa karibu sifuri. La kushoto, ambalo lilikuwa na ukungu wa kiasi tu, lilibaki hasi 4.5. Akivaa miwani ya zamani, la kulia linachafuka. Akiivua, la kushoto halioni mlango, na hata sindano iliyo karibu, ambayo la kushoto lingeiona, inavurugwa na picha iliyochafuka ya la kulia. Tulipojaribu miwani yenye kioo kitupu kulia na hasi 4.5 kushoto, alisimama akashika ukuta. Kioo kikali cha hasi hupunguza ukubwa wa picha, kwa hiyo ubongo ulikuwa unapokea picha mbili za ukubwa tofauti, na akitazama chini picha hizo zilipishana kwa urefu pia. Alisema ngazi zinamkimbia. Kwa mtu wa miaka 66 hilo ni suala la nyonga kuvunjika.

Hili nalo tulipaswa kumwambia mapema: mwenye namba kubwa akifanyiwa jicho moja, ataishi kipindi fulani na macho yasiyoelewana, na inabidi kipindi hicho kipangwe. Apewe lenzi ya kubandika kwa jicho lililobaki, au jicho la pili lifanywe mapema.

Kuna jambo alilonionyesha siku ileile ambalo sitalisahau. Alitandaza kitambaa cheupe mapajani, akafumba jicho moja, kisha jingine. Kwa la kulia kilikuwa cheupe. Kwa la kushoto, akasema, ni rangi ya karatasi ya zamani. Kisha akatoa sketi nyeusi aliyoikunja ncha miezi michache nyuma, akanionyesha mshono. Uzi ulikuwa wa bluu. "Nimeshona hivi nikijua ni mweusi," akasema. "Nimewapa watu." Lenzi ya manjano huila bluu polepole mno kiasi kwamba mwenyewe hajui imekwenda lini. Katika yote aliyokuwa amepoteza, hili ndilo alilorudishiwa bila kulidai, na aliliona.

Tepu

Daktari alikubali kosa bila kujitetea, na nampa heshima kwa hilo. Alimweleza mama njia zilizokuwepo. Kubadilisha lenzi ya kulia kunawezekana, na ni rahisi zaidi wiki za mwanzo kabla kifuko hakijaikumbatia, lakini ni kuingia tena ndani ya jicho lililopona, na hatari zake. Mama alikataa papo hapo. Alikuwa ameshaanza kuipenda mbali yake. Basi tukabaki na jicho la kushoto, na safari hii tuliuliza.

Nilimwomba alete tepu yake ya kupimia na ashone mbele yetu, kwa mikono mitupu, kama anavyoshona. Aliivaa shingoni. Akaigiza kutia uzi, nikapima kutoka kwenye kope hadi kwenye vidole: sentimita 24. Akaigiza ameinamia cherehani, hadi kwenye mguu wa sindano: 42. Akasimama kwenye meza, mkasi wa kukatia mkononi: 65. Dakika tano hivi. Tulipoziandika zile namba tatu kwenye karatasi kila mtu chumbani aliona kilichokuwa kimekosekana.

Aliuliza kwa nini asiwekewe lenzi ile aliyosikia inaona kote, mbali na karibu. Ipo. Huigawa nuru katika umbali zaidi ya mmoja, na wapo wanaofurahi nayo sana. Lakini gharama ya kugawa ni kwamba kila picha inapata nuru pungufu: taa huzungukwa na pete usiku, na tofauti hafifu za rangi hufifia. Mtu anayetafuta uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi chini ya taa, wakati wa usiku, si wa kupewa lenzi hiyo. Wala si mtu mwenye retina mbovu au glaukoma. Daktari alisema hivyo, na nadhani alisema sawa.

Njia aliyoielewa mara moja ilikuwa kuyagawia macho kazi: la kulia libaki la mbali, la kushoto lipangwe kwa karibu. Si kila ubongo unakubali. Wengine hupata kizunguzungu, wengine hulalamika kwamba hawajui kina cha ngazi, kwa hiyo hujaribiwa kwanza. Tulimpa lenzi ya kubandika ya kushoto iliyomwacha na hasi 2, yaani sentimita 50, akaenda nayo nyumbani wiki mbili. Alirudi akasema meza ya kukatia ni nzuri, cherehani akiinuka kidogo ni nzuri, ngazi zimetulia. Kutia uzi hapana. Kumpa sentimita 24 za zamani kungemaanisha tofauti ya dayopta 4 kati ya macho, na yale mayumbo ya awali yangerudi. Alifikiri, akauliza kama miwani ya kusomea ingemtosha kwa kutia uzi peke yake. Ingemtosha. Basi, akasema, nitaifunga kwenye utepe niivae pamoja na tepu.

Lazima niseme wazi: kama tungemuuliza tangu mwanzo, pengine angechagua macho yote mawili yabaki hasi 3 au zaidi kidogo, avae miwani ya mbali kama alivyozoea maisha yake yote na aivue akishika sindano. Ni chaguo halali kabisa. Watu wengi wasioona mbali, wenye kazi za mkono au wapenda kusoma kitandani, wangelichagua wakielezwa. Kuondoka bila miwani kunasikika kama zawadi kwa kila mtu, ila zawadi hiyo hulipwa kwa umbali mwingine, na mwenye kulipa ndiye wa kuamua.

Jicho la pili

Upasuaji wa kushoto ulifanyika wiki sita baada ya ule wa kwanza. Alipokaa mezani hakuhitaji kushikwa mkono. Tulilenga hasi 2, akatoka hasi 1.75. Mgonjwa ajue kabla kwamba namba hulengwa, haichongwi. Wengi huangukia ndani ya nusu dayopta ya kilicholengwa, na wachache hukosa kwa zaidi ya hapo hata mikononi mwa mabingwa.

Matone aliyatumia wiki nne, akijiwekea mwenyewe mbele ya kioo. Kwenye hili naomba mjizoeze kabla ya siku yenyewe, kwa matone ya machozi bandia, kwa sababu kujifunza kulenga jicho lenye kidonda ni mateso. Kava ya plastiki usiku wiki ya kwanza. Maji ya sabuni yasiingie, bwawani asiende, mizigo mizito aiache kwa muda aliopangiwa. Miwani ya kusomea alipimiwa baada ya wiki tano, jicho likiwa limetulia; wanaokimbilia kupima wiki ya kwanza huishia kununua mara mbili.

Baada ya miezi 14 alirudi. Jicho la kulia lilikuwa limeshika ukungu tena, na alikuja amejiandaa kuambiwa mtoto wa jicho amerudi. Hawezi kurudi, lenzi ya asili haipo tena. Kilichotokea ni kwamba ule ukuta wa nyuma wa kifuko kilichoachwa umepata utando, jambo linalowapata watu wengi miezi au miaka baada ya upasuaji. Hutatuliwa kwa leza, ameketi kwenye kiti, dakika chache, bila kukata kitu. Nikamweleza pia kwamba vidoa vinavyoelea siku za mwanzo hutokea, na ni zile dalili za retina nilizomtajia zamani ndizo za kumrudisha haraka.

Nilipomsogezea fomu ya ridhaa hakuishika kalamu. Alikuwa na miwani kwenye utepe, tepu shingoni, amekuja moja kwa moja kutoka kazini.

"Hii leza," akauliza, "itagusa umbali wangu?"

Nikamwambia hapana, inatoboa utando tu, lenzi inabaki ileile na umbali uleule. Akanitaka nimrudie daktari nimuulize, nimletee jibu. Nikaenda, nikarudi nalo. Ndipo akavaa miwani na kusaini.